Wengi Wape, Lakini Nani Anabonyeza?

Tulikuwa watu saba chumbani na padi moja. Usiku wa Ramadhani, tarawehe imeisha, daku bado mbali, na dirisha liko wazi kwa sababu joto la Kibokoni halijui kulala. Chini barazani wazee walikuwa wakigonga dhumna zao, na muuza kahawa akipita akiliza vikombe. Juu, kwenye televisheni, kundi la watu wenye njaa lilikuwa limesimama mbele ya gari.

Gari limeachwa msituni na limejaa chakula. Mwenyewe haonekani. Watu hawa hawajala vizuri kwa siku kadhaa, na wamo watoto kati yao. Mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri Kiingereza kwa wasiokifuata, nikasema: "Gemu yauliza, mwachukua au mwaacha?"

Kaka mkubwa akasimamisha gemu. Tukapiga kura kwa mikono. Wanne tukasema tuchukue, wawili wakasema tuache. Wa saba alikuwa Shangazi, ambaye hakuja kucheza. Alikuwa amekaa mkekani akikunja sambusa za kesho. Yeye hakuinua mkono. Aliuliza tu, "Na mwenye gari yuko wapi?"

Padi ilikuwa mikononi mwa binamu yetu mdogo, msichana wa miaka 16, na yeye alikuwa mmoja wa wale wawili.

"Bonyeza," tukamwambia. "Wengi wape."

Akabonyeza.

Gemu yenyewe ni The Walking Dead ya Telltale, iliyotoka 2012 kwa sehemu tano. Ni kongwe sasa, kwa hivyo nisilaumiwe nikifichua mambo. Unamchezesha Lee, mwanamume aliyehukumiwa kwa kuua, ambaye dunia inapoharibika anajikuta akimlea mtoto asiye wake, Clementine. Mapigano ni machache. Kazi yako kubwa ni kuamua: nani aokolewe, nani aambiwe ukweli, nani ale. Kila sehemu ikiisha unaonyeshwa asilimia ya wachezaji wa dunia nzima walioamua kama wewe. Hiyo nayo ni kura ya aina yake, ila inahesabiwa baada ya mazishi.

Gemu hii haikutengenezwa kwa kura za chumbani. Ina padi moja na mchezaji mmoja. Ndiyo sababu nadhani inatufundisha kuhusu kura kuliko gemu zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya kura.

Hizo zipo, na wazo lake ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Wacheki walileta Kinoautomat, filamu ya Radúz Činčera ambayo kila kiti kilikuwa na kitufe cha kijani na cha chekundu. Filamu ilisimama, mtu akatokea jukwaani akauliza shujaa afanye nini, watazamaji wakabonyeza. Siri yake ni kwamba njia mbili za kisa zilirudi kukutana kila mara. Mlichagua, na bado mkafika palepale.

Telltale wenyewe walipotoa Batman mwaka 2016 waliweka namna ya watazamaji kupiga kura kwa simu au kompyuta zao huku mmoja akicheza. Halafu Julai 2022 ikaja As Dusk Falls, kazi ya studio ya London inayoongozwa na Caroline Marchal, ikafika PlayStation Machi 2024. Hii ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Watu hadi wanane wanacheza pamoja, na simu ya kila mmoja ni padi yake. Kisa ni cha Arizona mwaka 1998: familia inayosafiri inakwama motelini, na ndugu watatu wanaotoroka baada ya wizi wanaingia na bunduki. Picha zake ni kama michoro ya rangi inayobadilika polepole, na kila dakika chache unaulizwa uamue. Kura nyingi zikienda upande mmoja, ndio huo. Zikiwa sare, gemu inajichagulia kwa bahati nasibu.

Tuliicheza nyumbani kwa rafiki, simu tano. Nakiri ilikuwa raha. Hakuna aliyekaa akingoja zamu. Hilo si dogo kwa mji wetu, maana gemu kwetu mara nyingi ni kibanda cha mpira: mechi fupi, wavulana wamebanana benchini, mwenye duka anaangalia saa. Kisa cha saa nane hakina nafasi pale, na binamu yangu wa kike pia hana. Gemu za kisa zinachezwa nyumbani, na nyumbani ndipo penye shangazi, wadogo, na mtu asiyejua padi inashikwaje ila ana maoni. Kwa nyumba kama hizo, kumpa kila mtu kura kupitia simu aliyonayo tayari ni heshima ya kweli.

Lakini kuna kitu kilipungua, na ilinichukua muda kukiona.

Turudi kwenye njaa. Mwanzoni mwa ile sehemu ya pili ya The Walking Dead, kabla ya gari, Lee anapewa vipande vinne tu vya chakula agawe kwa kundi ambalo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Anayempa ni Lilly, aliyechoka kuchukiwa kwa kugawa. Hakuna saa inayokimbia. Unatembea kambini na vipande vyako, kila mtu anakutazama.

Kwetu uamuzi ule ulichukua karibu nusu saa na hatukupiga kura hata moja. Watoto wawili wale, hilo halikuwa na ubishi. Kipande cha tatu tukasema apewe anayefanya kazi nzito. Cha nne ndicho kilichotuingiza vitani. Kuna mzee anaitwa Larry, mtu wa matusi, aliyempiga Lee ngumi mwishoni mwa sehemu ya kwanza na kumwacha aliwe. Kaka mkubwa akasema, "Huyo hata maji simpi." Shangazi, bila kuinua macho kwenye sambusa, akasema, "Mzee ni mzee hata akiwa na mdomo mchafu. Wewe wataka shukrani au wataka kulisha?"

Mzee akala, na Lee akalala na njaa. Hakuna aliyefurahi sana, lakini kila mtu chumbani angeweza kukueleza sababu.

Saa moja baadaye, mbele ya gari, tulipiga kura. Kwa nini pale ndiyo na hapa siyo? Nadhani kura ndiyo tunayofanya tukichoka kuzungumza. Chakula kilikuwa kingi, kila mtu alitaka kuona kitakachofuata, na mikono minne ilikuwa njia ya haraka ya kumnyamazisha aliyeuliza mwenye gari yuko wapi.

As Dusk Falls imeichukua haraka ile ikaifanya kanuni. Maamuzi mengi yana saa, na saa ikianza kuyoyoma kila mtu anatazama simu yake, hatazami nyuso. Huwezi kumwambia mtu "mzee ni mzee" ndani ya sekunde chache. Unateleza kidole, hesabu inafungwa, kisa kinaendelea. Na kwa kuwa hesabu inajifunga yenyewe, hakuna aliyefanya kitu. Watano tumefanya, ambayo ni njia nyingine ya kusema hakuna.

Mfano mkubwa wa hili ulitokea Februari 2014, pale maelfu ya watu mtandaoni walipocheza Pokémon Red kwa pamoja, kila mmoja akituma amri yake. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki na wakaimaliza kwa siku 16. Kulikuwa na hali mbili, vurugu na demokrasia, na wengi waliichukia demokrasia kwa kuwa ilikuwa polepole. Katika vurugu zile waliwaachilia viumbe wao kadhaa kwa bahati mbaya, wasiweze kuwarudisha tena. Nani alifanya? Umati. Waliomboleza kwa vichekesho na hata kujitungia dini, maana hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mtetezi wa As Dusk Falls ataniambia: lakini gemu inaonyesha nani kapiga kura gani. Kweli. Alama yako inaonekana kwenye skrini ikisogea kwenye jibu, na sura ikiisha unaelezwa wewe ni mtu wa namna gani kwa ulivyochagua. Kwa hivyo lawama ina jina.

Hapa ndipo Mkenya anapokumbuka mlolongo. Mwaka 1988, kura za mchujo za KANU zilipigwa kwa kupanga mstari hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake. Mwenye nyumba wako alikuona umesimama wapi. Mwajiri alikuona. Aliyezidi asilimia 70 alipita bila kupingwa kwenye uchaguzi wenyewe. Mpaka leo wazee wanasimulia mistari mifupi iliyotangazwa mirefu. Mlolongo ulifutwa, na hakuna anayeulilia.

Usiku wa simu tano niliuona mlolongo kwenye skrini. Alama ya kaka mkubwa ilisogea kwanza. Kisha ya rafiki yake. Kisha ya mdogo, ambayo ilikuwa imeanza upande wa pili, ikasita, ikarudi. Hakuna aliyemtisha. Hakutaka tu kuwa peke yake pale juu mbele ya watu. Kura inayoonekana inapigwa ili lawama iwe na mwenyewe, lakini mwenye sauti ndogo hujifunza upesi kwamba njia salama ni kusimama pale wengi walipo.

Hata hivyo gemu ile ina kitu kimoja ambacho waliotengeneza walikipata sawasawa. Kila mchezaji ana nafasi chache za kupindua uamuzi wa wengine wote. Sisi tuliita turufu, kama kwenye karata. Ukiicheza, kura zote zinafutwa na lako ndilo linalosimama, na kila mtu anajua ni wewe. Sehemu ya mwisho ya usiku ule kura nne zilianguka upande mmoja. Sitasema kuhusu nini, kwa kuwa wengi hamjaicheza. Binamu yetu mdogo, aliyekuwa akifuata alama za wakubwa usiku kucha, akacheza turufu.

Chumba kililipuka. "Wewe! Wajua ulichofanya?"

"Najua," akasema.

Ikatubidi tumsikilize, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu. Mjadala tuliokosa kwa saa nne ulikuja baada ya kura kuvunjwa. Nilichojifunza hapo ni kwamba kundi linahitaji mtu ambaye mkono wake umefanya jambo. Hesabu haiwezi kukaa kitini ikaulizwa.

Watoto wa pwani tulikuwa na mchezo wenye akili hii kabla ya padi yoyote. Ukitegewa kitendawili mkashindwa, mnadaiwa mji. Sasa kundi zima linanong'onezana: tumpe Malindi? La, Malindi ataikataa, mpe Lamu. Wengine wanataka kumpa kijiji. Lakini mwishowe ni lazima kinywa kimoja kitamke, "Twakupa Lamu," na mtegaji akishaupata mji wake na kuanza kujigamba, anamtazama aliyetamka. Mji ulitolewa na wote na kinywa kilikuwa cha mmoja, na zamu ijayo kinakuwa cha mwingine. Hakuna aliyetueleza kwamba hilo ni somo.

Nimefika mahali ninapotakiwa kujisema mwenyewe.

Nilisema nilikuwa mfasiri. Gemu hizi hazina Kiswahili, si kwa sauti wala kwa maandishi. Chumbani kwetu watatu walifuata Kiingereza cha Kimarekani bila shida, wawili nusu nusu, na Shangazi alifuata mdomo wangu. Afrika Mashariki inajua nguvu ya mtu huyu. Tumekulia kwenye filamu zilizofasiriwa juu kwa juu, za Lufufu kule Tanzania na DJ Afro hapa kwetu, na kila mtu anajua kwamba DJ Afro haelezi filamu tu. Anakuambia umpende nani na umcheke nani. Kwenye filamu ni burudani. Kwenye gemu ya kura, mfasiri ndiye anayeshika sanduku.

Mbele ya lile gari Clementine anasita. Anauliza kama kweli limeachwa, kama chakula hiki si cha mtu. Mimi sikufasiri. Nilikuwa na njaa ya kuona mbele, na sekunde zile nilizitumia kusema, "Haya, tupige kura." Shangazi aliuliza swali lilelile la mtoto bila kujua kwamba mtoto ameshaliuliza. Angejua, angekuwa na mwenzake ndani ya skrini. Pengine mikono ingekuwa mingine. Hakuna gemu yenye kitufe cha kupindua mfasiri.

Baada ya sikukuu tulimaliza sehemu ya tano, tukiwa walewale saba. Clementine ametekwa, na Lee anafika hotelini anakomkuta aliyemteka. Ni mtu wa kawaida, mchovu. Anamkalisha Lee kitini na kumsomea mambo aliyoyafanya. Gari lile lilikuwa lake. Chakula kilipotoweka familia yake ilisambaratika, na mke na binti yake wakafa.

Kitu kimoja kuhusu tukio hili nilikijua baadaye: hata ungekataa kuchukua, wenzako wangechukua, na mtu huyu angekuja vilevile. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu, kama ile filamu ya Montreal ambayo njia zake zinarudi kukutana. Mimi sioni hivyo. Gari litachukuliwa, hilo halimo mikononi mwako. Kilichomo mikononi mwako ni utakachoweza kujibu ukiwa umekaa kwenye kile kiti.

Nikaanza kufasiri. Na hapa Kiingereza kilinitega, maana kina neno moja tu pale ambapo sisi tuna mawili. Akisema wewe, akisema nyinyi, kwake ni neno lilelile. Ilibidi nichague haraka, nikachagua kwa faida yangu: "Yuasema, nyinyi mlichukua chakula chetu."

Binamu yangu mdogo alikuwa na padi mapajani. Hakugeuka.

"Hapana," akasema. "Lee yuko peke yake hapo. Amesema wewe."

Tukanyamaza. Kaka mkubwa akajaribu: "Lakini tulipiga kura, sote tulikuwepo."

"Nyinyi mlipiga kura," akasema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

Shangazi akaweka chini alichokuwa nacho. Akataka kujua yule mtoto, Clementine, siku ile ya gari alisema nini. Alikuwa ameona mdomo wake ukitembea. Ikabidi nimwambie, mwezi mzima baadaye, mbele ya wote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungenambia," akamwangalia binamu yangu, akasema, "Nawe ungekataa."

Ndiyo gemu ninayoitaka mtu aitengeneze, na ikiwezekana aitengeneze mtu wa hapa, kwa Kiswahili, lugha inayotofautisha wewe na nyinyi na kwa hivyo haitakuruhusu kujificha. Iwe na kura, sawa. Isiwe na saa, au iwe na saa ya barazani, ambayo inakwisha kahawa ikiisha. Kura zifichwe mpaka kila mtu awe ameamua, asiwepo wa kufuata alama ya mkubwa. Kisha hesabu ikishatoka ichague mmoja wetu, leo huyu kesho yule, na imwambie: wenzako wamesema hivi, je, utafanya? Ampe nafasi ya kukataa. Ampe pia uzito wa kukubali.

Mpaka itoke, nyumbani kwetu tuna sheria mpya. Padi anashika aliyeshinda kura. Ukitaka gari lichukuliwe, njoo ulichukue kwa kidole chako.

Tangu tuiweke sheria hiyo, mikono inainuka polepole sana.